Kinywa Juu ya Mlango

Kumfunga Lameki Kiula mkanda wa koo ilikuwa kazi ya fundi mitambo, lakini asubuhi hiyo daktari alimfunga mwenyewe. Hapo Lameki akajua kuna jambo.

"Usikaze hivyo, daktari. Hii ni shingo ya mtu, si ya mbuzi."

"Samahani, mzee wangu."

Daktari Anitha Mbelwa akalegeza mkanda. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeletwa na Bodi ya Sauti kuusimamia mji wa Ilongamo tangu ugonjwa wa Kavu ulipoingia. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu afike, Lameki hakuwahi kumwona akila kitu kingine zaidi ya karanga za mfukoni.

Akamsogezea kioo chenye maandishi. "Ushauri umebadilika. Soma kwanza."

Lameki akasoma. Kuanzia kesho kila mtu avae barakoa akitoka nyumbani, na hata ndani akiwa na mgeni. Barakoa zitatolewa bure kwenye ofisi za mitaa. Yalikuwa maneno machache. Aliyasoma tena, kisha akavua miwani.

"Mwezi wa tano nilisema zisivaliwe."

"Ndiyo."

"Nilisema hazimsaidii mtu asiyeumwa. Nikasema mwenye nazo azipeleke hospitali."

"Kinywa ndicho kilichosema."

"Kwa sauti ya nani?"

Daktari akakilaza kioo kifudifudi.

Kila nyumba ya Ilongamo ilikuwa na kinywa juu ya mlango, kijisanduku kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kila mji ulipiga kura kuchagua sauti ya kinywa chake. Wengine walichagua mchungaji, wengine mwalimu mstaafu, na mji mmoja wa kusini ulimchagua mwimbaji wa taarabu, wakajuta. Ilongamo walimchagua Lameki. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya mji, na hajawahi kumtangaza marehemu mtu aliye hai. Watu waliona hiyo inatosha.

Mashine iliisikiliza sauti yake mpaka ikaimeza. Ilijifunza kale kakikohozi kake ka kusafisha koo na ile "sasa sikiliza" yake. Haikuwa ikisema tu, ilikuwa ikijibu. Mama akiuliza mtoto apewe dawa saa ngapi, Lameki alimjibu. Mlevi akiuliza kama gongo inaua Kavu, Lameki alimkemea. Kwa saa moja Lameki alikuwa akizungumza katika maelfu ya nyumba, kila nyumba na maneno yake, na yeye mwenyewe hasikii hata moja. Sokoni watu walimshika mkono kumshukuru kwa ushauri asioujua. Alikuwa na jibu moja kwa wote: "Tuko pamoja."

Kitu kimoja tu kilikuwa bado chake. Miaka ya nyuma wezi waliiba sauti ya mji fulani wakauzia watu sumu kwa jina la dawa, na watoto wakafa. Baada ya hapo sheria ikataka kwamba ushauri ukibadilika, mwenye sauti aje mwenyewe, afungwe mkanda unaothibitisha kwamba koo linalotetemeka ni la mtu aliye hai, atoe salamu kwa mdomo wake, kisha aweke dole gumba. Salamu ilikwenda kwenye nyumba zote bila kupita kwenye mashine. Ikikatwa katikati, kinywa kilijifunga chenyewe kwa kudhani kimeingiliwa na wezi, na kukifungua kulichukua wiki nzima.

"Kwa nini tulisema zisivaliwe?" Lameki akauliza.

Daktari angeweza kumdanganya. Aliutazama mlango, kisha akamtazama yeye.

"Zilikuwa chache. Watu walishaanza kuzinunua na kuzifungia kabatini. Wauguzi walikuwa wakijifunga khanga usoni, mzee, wakiingia kwa wagonjwa na khanga. Tungesema zinasaidia, isingebaki hata moja ya chumba cha kujifungulia."

"Kumbe mlijua zinasaidia."

"Tulidhani zinasaidia kidogo. Kiasi gani, hatukujua. Sasa tunajua kwamba ni sana. Kwa hiyo tulificha tulichokijua, na tulichokijua chenyewe kilikuwa pungufu. Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana silali."

"Na mtu akikiuliza kinywa habari za mwezi wa tano?"

"Kitasema hali imebadilika. Akiendelea, kitasema hakina kumbukumbu ya maneno hayo."

"Sina kumbukumbu," Lameki akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Daktari akamwita mezani. Juu ya meza ile mji wa Ilongamo ulilala wote kwa nukta za mwanga: mitaa, vinu vya alizeti, hospitali, stendi. Waliuita Kivuli. Kila mkazi alikuwa na nukta yake humo, iliyotengenezwa kutokana na maswali aliyokiuliza kinywa, mahali alipopita, na vitu alivyonunua. Nukta iliamka, ikaenda sokoni, ikaogopa, ikaugua kama mwenyewe angeugua, ikazimika kama mwenyewe angekufa. Kabla ya kuwaambia watu wa kweli jambo lolote, Bodi iliwaambia kwanza wale wa mezani.

"Hapa kinywa kinasema hali imebadilika, basi," daktari akasema.

Nukta zilitembea. Baadhi zikazimika, nyingi zikabaki.

"Na hapa kinasema mwezi wa tano tuliwadanganya."

Nukta zilisimama kidogo. Kisha mtaa wa Stendi ukaanza kuzimika, ukafuata Majengo. Watu walitupa barakoa. Wengine wakaacha na chanjo za watoto, wengine na dawa za kifua kikuu, kwa kuwa aliyewaambia wanywe ni yule yule.

"Tofauti ni watu mia mbili na zaidi," daktari akasema. "Tumerudia mara nyingi. Haishuki chini ya hapo."

"Ni akina nani?"

"Kivuli hakitaji majina. Tumekizuia."

"Kwa nini?"

"Tungeanza kuchagua."

Lameki alikaa akiitazama meza. Nyumbani kwake palikuwa na nukta mbili, yake na ya mkewe. Kwa dada yake Eliwaza, upande wa vinu, zilikuwa tatu. Wiki iliyopita zilikuwa nne.

"Shemeji yangu anazikwa leo mchana," akasema. "Sheria inanipa siku moja ya kufikiri. Naichukua."

"Najua. Joeli Mkumbo. Pole sana, mzee."

"Joeli alikuwa na boksi la barakoa za kinuni, za kuzuia vumbi la maganda. Alilipakia kwenye baiskeli akalipeleka hospitali. Alipopita kwangu akapiga kengele, akaniambia, 'Nimekusikia, shemeji.'" Lameki akajifungua mkanda mwenyewe. "Nikamjibu, tuko pamoja."

*

Mazishi ya wakati wa Kavu yalikuwa ya watu wachache walioketi mbalimbali, kila mtu na kivuli chake. Mwili ulikuja umefungwa na watu wa hospitali, na hakuna aliyeruhusiwa kuuosha. Mchungaji alisoma haraka haraka. Eliwaza alikaa kwenye mkeka na watoto wake wawili, hajalia tangu jana, na wanawake walikuwa wakimtazama kwa wasiwasi.

Ndipo akatokea Luhende.

Luhende alikuwa Msukuma, mwenye bucha karibu na stendi, na Wasukuma ni watani wa Wanyiramba tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Msibani mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Alikuja amevaa ovaroli la kinuni la marehemu, sijui aliliiba saa ngapi, akichechemea kama Joeli alivyokuwa akichechemea kwa goti lake bovu. Akaenda moja kwa moja mpaka kaburini, akakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti. "Wanyiramba wachoyo nyie, mnataka kumfukia mtani wangu bila hata kuku? Nileteeni jogoo, la sivyo nashuka nilale naye."

"Shuka tu," mzee mmoja akamjibu. "Tutapata amani, hutatuuzia tena mapafu ukiyaita nyama."

Watu wakacheka. Hata Eliwaza aliinama, mabega yakamtikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia, lakini angalau kitu kilikuwa kimetoka.

"Huyu Joeli alikuwa bahili," Luhende akaendelea. "Mafuta ya alizeti alikuwa akinipimia kwa kizibo. Siku moja tu maishani mwake aligawa kitu bure. Mnajua siku gani?" Akasimama. Akanyoosha shingo, akajikohoza kidogo, kakikohozi ka kusafisha koo, na kila mtu akamtambua anayeigizwa kabla hajasema neno. "Sasa sikiliza, Joeli. Barakoa haikusaidii wewe. Ipeleke hospitali. Kule inasaidia sana. Ikivuka tu geti la hospitali, inapata akili!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha kikaanza kufa, lakini si kwa wote pamoja. Kilikufa hapa, kikafa pale, kadiri kila mtu alivyoyasikia maneno yenyewe. Mwanamke mmoja alibaki akicheka peke yake, akajifunika mdomo.

Macho yote yakamgeukia Lameki. Mtani hakasirikiwi, anajibiwa. Na Lameki alikuwa na jibu tayari, maana tangu utotoni hajawahi kulikosa.

"Basi wewe usivae, mtani," akasema. "Ukiificha hiyo sura, ng'ombe wako watakujuaje?"

Watu walilipuka. Walicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kama watu waliotoka kwenye chumba kisicho na hewa. Luhende alicheka pia. Lakini kisha akamwambia Lameki kwa sauti ya kawaida, "Haya. Umenijibu mimi."

Akaletewa jogoo wake, akatoka kaburini, na Joeli akazikwa.

*

Jioni wageni walipungua. Lameki alikaa sebuleni kwa dada yake, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Wanawake walikuwa uani wakikoroga ugali wa msibani, na watoto wamelala mmoja juu ya mwenzake kwenye kochi. Alikuwa akitafuta namna ya kuanza. Tangu afike mchana alikuwa amesema "pole, dada" mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayetupa kitu cha moto.

Eliwaza aliingia akitokea chumbani. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni. Hakuja kukaa. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama chini ya kinywa, akauinua uso.

"Niambie," akakiambia. "Joeli angebaki na zile barakoa zake, angekuwa hai?"

Kitaa cha kinywa kikawaka rangi ya manjano. Lameki alifungua mdomo. Pumzi ilikuwa imeshaingia kifuani, na kwa sekunde ile moja alihisi kwamba neno lingekuja lenyewe, liwe lolote.

Kinywa kikajikohoza.

"Pole sana, dada yangu Eliwaza," kikasema, kwa sauti yake, ila ya chini na laini kuliko alivyoweza mwenyewe. "Najua nyumba imekuwa kubwa ghafla. Sasa sikiliza. Joeli alifanya jambo jema. Barakoa haimsaidii mtu asiyeumwa, zile zimewasaidia wauguzi. Usijilaumu. Umekula? Kula hata kidogo, kisha ulale."

Lameki akafunga mdomo. Alichokigundua kilimtia aibu kuliko uongo wenyewe: sanduku lile lilijua kutoa pole kumshinda. Lilimtaja kwa jina. Lilimuuliza kama amekula.

"Ahsante," Eliwaza akakiambia kinywa.

Akapita mbele ya kiti cha mdogo wake bila kumtazama, akatoka uani.

*

Asubuhi alikwenda kituo cha Bodi kwa miguu. Njiani alimpita mama aliyekuwa akifagia mbele ya duka, na kijana aliyekuwa akipaka rangi bango la kinyozi, na kwa kila aliyempita Lameki alijiuliza kama ni mmoja wa wale mia mbili. Alijaribu kukubali maneno ya daktari. Hayakuwa maneno ya mjinga wala ya mtu mbaya. Mtu aliyekufa hana faida na ukweli, na Joeli harudi. Ilimtosha kusema salamu yake fupi na kuweka dole, na mtaa wa Stendi usingezimika. Tena hakuna mtu ambaye angejua.

Ila usiku ule, na kila usiku utakaofuata, Eliwaza angesimama chini ya kinywa chake na kuuliza, na Lameki angemwambia kwa upole mwingi kwamba hana kumbukumbu.

Daktari alimfunga mkanda. Akampa karatasi ya salamu: Habari za asubuhi, wana Ilongamo, mimi Lameki Kiula, ushauri wa leo naufungua mwenyewe. Taa ya kijani ikawaka. Katika nyumba zote za mji vinywa vikalia kengele, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Habari za asubuhi, wana Ilongamo. Mimi Lameki Kiula." Akaiweka karatasi chini. "Huyu ni mimi, si mashine. Nikikwama mtanisikia nikikwama. Mwezi wa tano mliambiwa kwa sauti yangu kwamba barakoa haimsaidii mtu asiyeumwa."

Mkono wa daktari ukaruka mpaka kwenye swichi ya kukata. Lameki aliuona. Akaendelea.

"Haikuwa kweli. Barakoa zilikuwa chache na wauguzi hawakuwa nazo. Badala ya kuwaomba, tuliwadanganya. Pengine mngeombwa mngetoa. Pengine msingetoa, mngezificha, na wauguzi wangekufa. Sijui. Hakuna aliyewauliza. Mimi nilikuwa sijui kwamba ni uongo, lakini sikuuliza pia. Nilipenda kuaminiwa, nikaona inatosha."

Sauti ilimkatika. Mkanda wa koo ulitoa mlio mdogo wa kutafuta, kisha ukatulia.

"Joeli Mkumbo wa kinuni alitoa zake. Tumemzika jana. Sasa barakoa zipo za kutosha, na zinasaidia, zinasaidia sana. Vaeni. Mnaweza kusema leo pia nadanganya, na sina cha kuwazuia. Nitakaa ofisi ya mtaa wa Kinuni kutwa nzima, nimevaa yangu. Mwenye swali asikiulize kinywa. Aje aniulize mimi, hata kwa matusi."

Akaweka dole. Taa ya kijani ikazimika na mashine ikapokea.

Daktari alikuwa bado ameishika swichi.

"Ulijua sitakata," akasema.

"Ungekata, kingejifunga wiki nzima. Watu wangekaa wiki bila kuambiwa wavae."

"Uliwatumia kama ngao."

"Ndiyo," Lameki akasema. Hakujaribu kulipamba. "Mlango mwingine sikuuona."

"Na wakifa?"

"Nitayasoma majina yao."

"Mimi nitakuwa nimeyaona hospitali kabla yako." Akaachia swichi, akaketi. Ghafla alionekana mdogo, kama mwanafunzi aliyechelewa basi. "Pengine uko sahihi. Kivuli hakijawahi kupimwa kwa jambo kama hili, mtu kujitokeza na uso wake. Pengine itakuwa nusu. Pengine itakuwa mara mbili. Nilijenga kile kitu ili nisikae tena mahali pa kusema pengine."

Lameki alitaka kumpa pole, lakini hakujua kama anayo haki. Akavua mkanda, akautundika mahali pake.

*

Ofisi ya mtaa wa Kinuni ilikuwa chumba kimoja na ubaraza. Walimwekea meza nje, na maboksi ya barakoa kando. Watu walikuja kumtazama kwanza kwa mbali, kama wanavyomtazama nyoka aliyeuawa.

Wa kwanza kusogea alikuwa mama mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni.

"Mwongo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alilazwa wiki tatu."

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Nipe mbili, na ya mtoto." Akazichukua, akaenda zake.

Mzee mmoja alifika, akachukua barakoa, akaikunja, akaipengea kamasi mbele yake, akaidondosha mezani. Kijana mwenye kofia ya timu aliuliza kama chanjo ya mdogo wake nayo ilikuwa uongo. Lameki alisema la. Kijana akauliza atajuaje. Lameki akasema hajui njia ya kumthibitishia, ila wanawe mwenyewe walichanjwa wote. Kijana akasimama akifikiri, kisha akaondoka mikono mitupu. Huyo Lameki alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Upande wa Stendi moshi ulikuwa ukipanda, na mtu aliyepita na baiskeli alisema vijana wamechoma maboksi mawili barabarani.

Luhende alikuja adhuhuri, amevaa barakoa na aproni yake ya damu.

"Nimeivaa ili nisisikie harufu ya uongo wako, mtani," akasema.

"Na hiyo harufu ya bucha lako nani atatuokoa nayo?"

"Nipe boksi zima. Nina vijana wa machinjioni." Alilibeba begani, akafika mbali kidogo, akageuka. "Usidhani nimekuamini! Nachukua kwa sababu ni bure!"

Watu walicheka kidogo, na wawili watatu wakasogea kwenye maboksi.

Daktari alituma ujumbe kwenye simu. Majengo wanavaa. Stendi hawavai. Kwingine haijulikani, tungoje wiki mbili. Lameki aliirudisha simu mfukoni. Alijua kuna mtu ambaye angevaa leo kama yeye angenyamaza, na sasa hatavaa, na atakufa, na mama yake hatajua kwa nini. Alilijua hilo bila Kivuli. Alikaa nalo pale mezani, akaendelea kugawa.

Ndipo watu wakaanza kupisha njia, na minong'ono ikakoma. Eliwaza alikuwa anakuja. Mjane hatoki nyumbani siku moja baada ya mazishi, na hakuna aliyekumbuka kumwona mjane barabarani siku kama hiyo. Alikuwa amejitanda khanga nyeusi, uso mtupu. Akafika mpaka mezani, akasimama.

Lameki akainuka. "Dada, ungeniita, ningekuja."

"Jana ulikuwepo," Eliwaza akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza ukiwa umekaa pale kitini. Hatua tatu."

"Uliuliza kile kinywa, dada."

"Nilijua upo. Nilimsikia mtani kaburini, nikaona ulivyomjibu. Kwa hiyo nikasimama pale chini nikauliza kwa sauti, nione nani atawahi." Hakupandisha sauti. "Kwa pembe ya jicho nikakuona unafungua mdomo. Nikakuona unaufunga."

Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, jibu halikuwepo.

"Ile pole ilikuwa nzuri," Eliwaza akasema. "Nusura nilie. Nikakumbuka kwamba si wewe."

Akanyoosha mkono kwenye boksi, akatoa barakoa tatu, mbili ndogo na moja kubwa. Akazitazama, akazigeuza.

"Nivae?"

"Vaa, dada."

"Ni wewe unayesema?"

"Ni mimi."

Alimtazama mdogo wake machoni, juu ya barakoa aliyovaa. Kisha akazitia zile ndogo kwenye pindo la khanga, akapitisha kamba za ile kubwa masikioni, kwanza huku, kisha huku, akaibana puani kwa vidole viwili.

"Sijakusamehe, Lameki," akasema kutoka nyuma ya kitambaa. "Nimevaa tu."

Akageuka, akarudi msibani kwake.